Nani amelipia elektroni? Viunzi vya vitundu, mseto na kemia ya jua

Aliyewahi kusahau kanga kwenye kamba siku tatu za jua kali ameshaiona kemia ya mwanga, hata kama darasani alikuwa anasinzia. Upande uliotazama juu umepauka. Pindo lililojikunja kivulini bado lina rangi ya dukani. Hakuna aliyewasha moto wala kumwaga dawa. Mwanga uliingia kwenye molekuli za rangi ukazichangamsha, na oksijeni ya hewani ikamalizia.

Wapo wanakemia wanaotaka jua lifanye kazi hiyo kwa adabu: livunje uchafu ulioyeyuka majini, litoe hidrojeni kwenye maji, au liigeuze hewa ukaa kuwa kitu cha kuchoma. Wengi wao sasa wanashughulika na unga wa fuwele wenye majina yanayofanana na namba za magari: MIL-125, UiO-66, HKUST-1. Habari zake huandikwa kwa mbwembwe, na msomaji hutoka humo akijua tu kwamba gramu moja ya unga huo ina eneo la uwanja wa mpira. Hilo si uongo, lakini uwanja mtupu haufungi bao. Ili kuelewa kwa nini siku hizi unga huo karibu kila mara huchanganywa na kitu kingine, inabidi tuanzie nyuma kidogo, kwenye rangi nyeupe ya ukutani.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliandika katika jarida la Nature kwamba titani dioksidi ikiunganishwa kwa waya na platinamu, ikatiwa majini na kumulikwa, maji yanapasuka: oksijeni inatoka upande mmoja na hidrojeni upande wa pili. Titani dioksidi ndiyo inayoifanya rangi ya nyumba iwe nyeupe, na dawa ya meno pia.

Ndani yake elektroni hukaa kama wapangaji wa nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Chini kumejaa, juu ni kutupu. Chembe ya mwanga, yaani fotoni, ndiyo nauli ya lifti. Nauli ikitimia elektroni inapanda. Ikipungua hata kidogo haipandi kabisa, na fotoni mbili ndogo haziruhusiwi kuchanga. Urefu wa kupanda nitauita kizingiti. Kwa titani dioksidi ya umbo la anatasi kizingiti ni elektroni-volti 3.2, na mwanga wenye nauli hiyo ni ule wa mawimbi mafupi kuliko nanomita 387 hivi, yaani urujuanimno. Katika nguvu yote ya jua inayotufikia ardhini, sehemu hiyo ni kama asilimia 5 tu. Mwanga wote tunaouona kwa macho unapita bila kumpandisha mtu.

Elektroni ikishapanda, nyuma yake inaacha pengo. Aliyepanda ana hamu ya kujitoa kwa molekuli yoyote iliyo tayari kumpokea. Pengo lililobaki chini lina hamu ya kunyang'anya elektroni kwa yeyote aliye karibu. Kemia yote ya vichocheo vya mwanga, yaani vitu vinavyotumia mwanga kusukuma mabadiliko ya kemia, ni biashara ya hawa wawili. Tatizo ni kwamba njia rahisi kuliko zote ni elektroni kurudi kwenye pengo lake mwenyewe, nguvu yote ikaishia kuwa joto. Hilo hutokea ndani ya nanosekunde au mikrosekunde, kabla molekuli ya maji iliyo juu ya uso haijamaliza kutoa elektroni zake.

Kichocheo cha mwanga kwa hiyo kina mizigo mitatu: kunasa mwanga wa kutosha, kuwatenganisha elektroni na pengo kabla hawajarudiana, na kuwakaribisha wageni, yaani zile molekuli zinazotakiwa kubadilishwa. Titani dioksidi ni dhaifu kwenye mzigo wa kwanza, inayumba kwenye wa pili, na kwenye wa tatu ni ukuta laini usio na viti vya kutosha.

Sasa ndipo viunzi vya vitundu, yaani ule unga wa MIL-125 na wenzake, vinapoingia. Kwa Kiingereza kifupi chake ni MOF (metal-organic framework), na Kiswahilini sioni ubaya wa kusema mofu tu. Wanaisimu wanisamehe, yao ni nyingine. Mofu ni kiunzi kilichojengwa kwa mafundo na viungo. Mafundo ni ioni za metali au vishada vyake: zinki, shaba, chuma, titani, zirkoniamu. Viungo ni molekuli za kaboni zenye mikono ya kushika metali kila upande. Vikikutana katika kimiminika chenye joto vinajipanga vyenyewe kuwa fuwele, na katikati ya nguzo na mihimili panabaki vyumba vitupu vya ukubwa wa molekuli.

Aliyeanza kufikiri hivyo ni Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Mwaka 1974 alikuwa akitayarisha mipira ya mbao ya kufundishia wanafunzi maumbo ya molekuli, na akaona kwamba mahali pa matundu kwenye mipira tayari pameamua nyumba nzima itakavyokuwa. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla hajalijaribu wazo hilo kwa kemia halisi; mwaka 1989 alitoa fuwele iliyojengwa kwa ioni za shaba na molekuli ya mikono minne, yenye mpangilio kama wa almasi lakini iliyojaa nafasi. Susumu Kitagawa wa Kyoto alionyesha mwaka 1997 kwamba gesi zinaweza kuingia na kutoka bila nyumba kuanguka. Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman nchini Jordani katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, ndiye aliyevipa viunzi hivi jina, na mwaka 1999 akatoa MOF-5, ambayo gramu yake moja ilikuwa na eneo la mita za mraba 2,900. Mwaka 2012 mofu iitwayo NU-110 ilifika kama 7,000, na hapo ndipo uwanja wa mpira unapotimia. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025.

MOF-5 ilikuwa na aibu moja: unyevu wa hewani unaivunja. Maji huingia kati ya zinki na kiungo na kukalia nafasi ya kiungo. Kwa mtu anayetaka kupasua maji kwa jua, nyumba inayoyeyuka ikinyeshewa haifai. Nafuu ilikuja na zirkoniamu, ambayo hushika oksijeni kwa nguvu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Oslo kilitoa UiO-66 (herufi hizo ni za jina la chuo kwa Kinorwe), na mwaka uliofuata Taasisi ya Lavoisier ya Versailles, Ufaransa, ikatoa MIL-125 ya titani. Msomaji wa pwani ya Kenya atafurahi kujua kwamba metali zote mbili zimetoka kwenye mchanga wa Kwale: hadi mwishoni mwa 2024 palichimbwa ilmenaiti na rutaili, ambazo ni madini ya titani, pamoja na zirkoni, na yote yalisafirishwa nje kupitia Likoni. Sehemu kubwa ya titani ya duniani huishia kuwa rangi nyeupe. Mofu ni tone baharini.

Kwa upande wa mwanga, mofu ina uzuri ambao titani dioksidi haina: kiungo chake unaweza kukirekebisha. MIL-125 ya kawaida ni nyeupe na kizingiti chake ni kirefu, kama elektroni-volti 3.6. Ukichukua kiungo hicho hicho ukakibandika kikundi kimoja cha amini, yaani nitrojeni na hidrojeni mbili, kizingiti kinashuka hadi 2.6 hivi na unga unakuwa wa manjano. Rangi ya manjano maana yake unga unakula mwanga wa buluu, mwanga ambao jua linao kwa wingi. Nauli imepunguzwa kwa kubadilisha kipande cha molekuli chenye atomi tatu.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Fuzhou, China, walimulika unga huo wa manjano bila oksijeni, pamoja na kimiminika kiitwacho trietanolamini. Unga ukageuka kijani. Elektroni zilikuwa zimetoka kwenye viungo zikahamia kwenye mafundo ya titani, na titani iliyopokea elektroni ina rangi nyingine. Walipoingiza hewa ukaa, unga ukarudi manjano: elektroni zimetoka mikononi mwa titani zikaenda kwa mgeni. Kilichopatikana ni fometi, ndugu wa asidi fomiki, ile ile ambayo wale chungu wa kwenye miembe waitwao maji moto humrushia anayewasumbua. Napenda jaribio hili kuliko mengi yenye takwimu kubwa, kwa sababu safari ya elektroni inaonekana kwa macho.

Lakini simama hapo kwanza. Elektroni ilipanda, ikahama, ikamfikia mgeni. Je, pengo lililobaki kwenye kiungo lilijazwa na nani? Lisipojazwa kiungo chenyewe kinaoza na nyumba inabomoka. Jibu ni trietanolamini. Yeye ndiye aliyetoa elektroni zake, akaharibika, hakurudi tena. Kemia humwita mhanga, na neno hilo ni la haki kabisa. Mwanga umefanya kazi, ndiyo, lakini bili imelipwa na kimiminika cha kiwandani ambacho nacho hutengenezwa kwa gharama. Hili ndilo swali ninalokushauri ulibebe kila unaposoma habari za vichocheo vya mwanga: nani amelipia elektroni? Kama jibu ni maji, yaani kama oksijeni imeonekana ikitoka kwa kiasi kinacholingana, hapo pana jambo. Kama jibu ni trietanolamini au methanoli, tumeona nusu ya mchezo.

Maji ni mlipaji mgumu. Kumtoa elektroni nne ili itoke molekuli moja ya oksijeni ni kazi ya polepole, na pengo linalosubiri muda huo wote linavizia kurudiana na elektroni. Mofu ikiwa peke yake hapo ndipo inaposhindwa. Elektroni ndani yake hazitembei mbali; zinaruka kutoka kiungo hadi fundo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mara nyingi jiwe linalofuata liko mbali. Mzigo wa tatu mofu inaubeba vizuri sana, wa kwanza kwa kiasi, wa pili kwa shida.

Basi wanakemia wakaanza kupika mseto. Neno hilo nimelichagua makusudi. Mseto wa mchele na choroko si mchele uliomwagiwa choroko mezani. Vimeiva chungu kimoja hadi kimoja kimeingia kwenye kingine. Ukisaga mofu na titani dioksidi pamoja kwenye kinu utapata unga wenye rangi mbili, na elektroni hazitapata daraja la kupita. Kinachotafutwa ni mahali pa kugusana, na mahali penyewe ni pa kupanga nanomita kwa nanomita.

Mfano wa wazi ulitoka Hefei, China, mwaka 2016. Watafiti wa huko walichukua UiO-66 yenye amini na punje za platinamu za kama nanomita 3. Platinamu hupenda elektroni na ina ustadi wa kuunganisha hidrojeni mbili zikatoka kama gesi. Kundi moja la unga waliliwekea punje ndani ya fuwele, jingine wakazibandika nje. Vitu ni vile vile. Unga wenye platinamu ndani ulitoa hidrojeni zaidi ya mara 5 kuliko ule wenye platinamu nje, na zaidi ya mara 100 kuliko mofu bila platinamu. Sababu ni umbali: elektroni iliyozaliwa ndani ya fuwele ikikuta platinamu jirani inaokoka, ikilazimika kutembea hadi ukutani inarudi kwenye pengo njiani. (Nani alilipa? Trietanolamini, tena.)

Mfano wa pili ndio unaonishangaza. Mwaka 2020, katika Nature, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wuhan walieleza jinsi walivyootesha titani dioksidi ndani ya vyumba vya MIL-101, mofu ya kromiamu yenye vyumba vya ukubwa wa aina mbili. Titani dioksidi inanasa mwanga, mafundo ya metali ya kiunzi yanaishughulikia hewa ukaa, na mlipaji ni maji: oksijeni ilitoka sambamba. Katika kila fotoni 100 za urefu wa nanomita 350 zilizoingia, kazi ya kama 11 ilionekana kwenye hewa ukaa iliyobadilishwa. Na walipokadiria mchango wa kila aina ya chumba, titani dioksidi iliyokaa kwenye aina moja ilikuwa na bidii mara 44 kuliko ile ya aina nyingine. Kemikali ile ile, nyumba ile ile, chumba tofauti. Ukitaka kumweleza mtu kwa nini vitundu vina maana katika kemia ya mwanga, mpe namba hiyo, uwanja wa mpira uache. Ila usisahau kumwambia pia kwamba nanomita 350 bado ni urujuanimno.

Ipo njia ya tatu, iliyoibwa kwenye majani. Mmea hautegemei lifti moja, unazo mbili. Mwanga huipandisha elektroni mara ya kwanza, inashuka kidogo hadi kwa jirani, kisha fotoni nyingine inaipandisha tena juu zaidi. Mchoro wake unafanana na herufi Z, na jina limebaki hilo. Katika mseto, mofu inawekwa ubavuni mwa nusukipitishi, yaani kitu chenye kizingiti kama titani dioksidi, kwa mfano kaboni naitraidi, unga wa manjano usio na metali wenye kizingiti cha 2.7, na mgusano unapangwa ili elektroni dhaifu za mmoja zijaze mapengo dhaifu ya mwingine. Wanaobaki ni elektroni hodari upande huu na pengo hodari upande ule, wako mbali, hawarudiani upesi. Nauli mbili ndogo zinafanya safari ambayo nauli moja isingeiweza. Kwenye karatasi inapendeza. Kuthibitisha kwamba elektroni zimepita njia hiyo hasa, na si kinyume chake, ni kazi ngumu, na michoro mingi ya Z inachorwa kwa matumaini kuliko kwa ushahidi.

Nikishafika kwenye ushahidi, niseme na hili. Majaribio mengi sana ya vichocheo hivi hufanywa kwa rangi ya methilini buluu: unatia unga, unawasha taa, buluu inafifia, unachora grafu. Tatizo ni kanga yetu ya mwanzo. Rangi hunywa mwanga yenyewe na hupauka yenyewe; inaweza hata kumrushia mofu elektroni zake, mofu ikapewa sifa ambayo si yake. Tena mofu ni sifongo: buluu ikiingia vitunduni maji yanakuwa meupe hata gizani. Jaribio lisiloanza na muda wa kutosha gizani, na lisilotumia kitu kisicho na rangi, mimi huliruka.

Kwa hewa ukaa mtego ni mwingine. Mofu yenyewe imejengwa kwa kaboni, na mabaki ya kimiminika ilimopikiwa nayo yana kaboni. Ukiona monoksidi ya kaboni kidogo imetoka, huenda nyumba inaungua polepole. Dawa yake inajulikana: hewa ukaa iliyotengenezwa kwa kaboni-13, ambayo ni nzito kidogo. Kama zao nalo lina kaboni-13, limetoka kwa mgeni. Kama halina, mwenye nyumba amejila.

Na kuna hila ya hesabu. Matokeo huandikwa kwa kila gramu kwa saa. Ukitumia miligramu 5 za unga mbele ya taa kali, kisha ukazidisha mara 200 ili ifike gramu, namba inavimba bila gesi kuongezeka. Pima hilo kwa kundi la Kazunari Domen la Japani, ambalo halitumii mofu kabisa. Mwaka 2020 lilionyesha strontiamu titanati yenye alumini ikipasua maji kwa ufanisi wa karibu asilimia 96 kwa kila fotoni, lakini za urujuanimno. Mwaka uliofuata wakatandika paneli za mita za mraba 100 nje juani, na kiwango cha juu cha nguvu ya jua iliyogeuka hidrojeni kilikuwa asilimia 0.76. Mlipaji: maji matupu. Ufanisi ule mdogo nauheshimu kuliko grafu nyingi ndefu, na mseto wowote wa mofu utakaotoka maabara utalazimika kusimama karibu yake.

Kwa usafi wa maji mshindani ni mkali zaidi, na hana hata jina la kemikali. Ni chupa ya plastiki. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanywa Kajiado, Kenya, kwa watoto 206 wa Kimasai: walioweka maji ya kunywa kwenye chupa angavu juu ya paa, juani, walipungukiwa na maradhi ya kuhara. Urujuanimno na joto viliua vijidudu, basi. Chupa haiyeyushi metali majini na haihitaji kuchujwa. Unga wa mofu, hata ukiwa hodari, unabaki kuwa unga: ukiutia kwenye ndoo lazima uutoe. Nguvu yake ingehitajika pale chupa inaposhindwa, kwa dawa za mashambani na za hospitali zilizoyeyuka, ambazo jua peke yake haliziondoi upesi.

Ndiyo maana baadhi ya maabara zimeacha unga na kuotesha mofu juu ya nyuzi za nguo. Mofu moja inayotumiwa hivyo, PCN-222, ina mafundo ya zirkoniamu na viungo vya pofirini, jamaa wa klorofili ya majani na wa ile hemu iliyo kwenye damu. Humo hata swali langu la mfukoni halifui dafu, kwa kuwa hakuna elektroni inayouzwa. Kiungo kinanasa mwanga wa kawaida na kuikabidhi nguvu hiyo oksijeni inayopita vitunduni. Oksijeni inachangamka, inashambulia molekuli ya karibu, kisha kiungo kinarudi kilivyokuwa. Majaribio yamefanywa kwa kemikali zinazofanana na gesi ya haradali ya vitani, na oksijeni hiyo ilizigeuza zikapoteza ukali chini ya taa ndogo za LED. Ni oksijeni ya namna ile ile inayosaidia kuipausha kanga kwenye kamba. Tofauti ni kwamba hapa imeitwa, na imewekewa chumba.